Mji mdogo ukikabidhiwa madaraka: namna ya kushika barabara, ardhi na mapato kabla haujapanuka

Ugatuzi huufikia mji mdogo kwa karatasi: tangazo kwenye gazeti la serikali, muhuri mpya, baraza lililoapishwa. Upanuzi wa mji haungoji karatasi. Halmashauri ikiwa bado inagawana ofisi, wanaotafuta viwanja wameshaanza kununua mashamba kandokando ya barabara kuu, na kila shamba linalokatwa vipande bila kuachiwa njia linaziba mahali ambapo barabara, bomba na mtaro vingepita kwa miaka hamsini ijayo. Mwongozo huu ni wa madiwani, wakurugenzi na maofisa mipango wa miji ya watu kama 20,000 hadi 200,000. Msimamo wake ni huu: mji wenye pesa kidogo na watumishi wachache uanze kwa kushika hifadhi za barabara kuu za mji utakaokuja, yaani kanda za ardhi zinazoachwa wazi ili barabara zipite. Mengine, hata mpango kabambe wenye rangi kumi na mbili, yanaweza kufuata.

Ulichokabidhiwa ni nini hasa

Madaraka hushuka kwa namna tatu. Kwanza, wizara inaweza kusogeza ofisi yake mjini: mtumishi yuko karibu, lakini bosi wake bado yuko makao makuu. Pili, inaweza kukasimu: halmashauri inafanya kazi kwa niaba ya wizara na kuitolea hesabu. Tatu ni kugatua kwenyewe, ambapo baraza lililochaguliwa linaamua, linatoza, linaajiri na kuwajibika kwa wapiga kura. Mji mmoja unaweza kuwa na zote tatu kwa mpigo: taka zimegatuliwa, ardhi imekasimiwa, maji yana ofisi ya wizara tu.

Kwa hiyo anza na jedwali. Safu za kushuka ziwe majukumu: ardhi na vibali vya ujenzi, barabara, maji, majitaka, taka, soko na stendi, shule na zahanati. Safu za kuvuka ziwe maswali manne: nani anaamua, nani analipa, nani anaajiri, nani anamiliki mali yenyewe. Jaza kila kisanduku kwa kutaja kifungu cha sheria, si kwa mazoea ya ofisi. Visanduku vinne vya jukumu moja visipokubaliana, hapo ndipo patakapokwama. Migongano iliyozoeleka ni mitatu: barabara kuu inayopita katikati ya mji ni ya wakala wa taifa, hivyo halmashauri haiwezi hata kuweka kivuko bila barua, mamlaka ya maji inalaza mabomba kwa ramani yake yenyewe, na hati za ardhi zinasainiwa mji mwingine kabisa.

Wakati wa makabidhiano usipokee funguo tu. Dai orodha ya mali, mikataba inayoendelea, madeni, kesi zilizo mahakamani na ramani zote za upimaji, hata zilizochanika. Jukumu likija bila fedha, andika hivyo kwenye hati ya makabidhiano siku hiyohiyo. Baada ya bajeti ya kwanza kupita, hoja hiyo haina mtu wa kuisikiliza.

Hesabu ya ardhi ya miaka thelathini

Hesabu hii inafanyika kwa siku chache na haihitaji mshauri mwelekezi. Gawa 70 kwa asilimia ya ongezeko la watu kwa mwaka, upate miaka ambayo watu wataongezeka maradufu: kwa asilimia 4 ni miaka 17 na nusu. Mji wa watu 40,000 unaokua kwa kasi hiyo utakuwa na watu kama 130,000 baada ya miaka 30.

Halafu pima eneo lililojengwa leo kwa picha ya setilaiti, ukizungushia mstari pale nyumba zinapoishia. Usitumie eneo la kiutawala. Hilo lina mashamba na mapori ndani yake, na litakudanganya kuwa mji una watu watano kwa hekta. Tuseme eneo lililojengwa ni hekta 500, yaani watu 80 kwa hekta. Kosa la kawaida hapa ni kudhani msongamano utabaki hivyohivyo. Miji mingi, kadiri inavyokua, hutumia ardhi zaidi kwa kila mtu, kwa sababu familia hupungua ukubwa, kipato huongezeka na usafiri huwa rahisi. Ukiacha msongamano ushuke kwa asilimia 1 kila mwaka, baada ya miaka 30 utakuwa watu 59 kwa hekta, na mji utahitaji karibu hekta 2,200. Watu wameongezeka mara tatu na kidogo. Eneo limeongezeka zaidi ya mara nne. Ardhi mpya ni hekta 1,700, sawa na kilomita za mraba 17.

Madiwani wakiona tarakimu hiyo watasema ni ndoto. Usibishane nao kuhusu mwaka. Mji ukichelewa kufika hapo kwa miaka kumi, hifadhi zilizotengwa zitaendelea kulimwa mahindi na hakuna kitakachokuwa kimeharibika. Ukiwahi kwa miaka kumi bila hifadhi, kuna nyumba za kubomoa. Hasara za pande hizi mbili hazilingani hata kidogo.

Mtandao wa barabara kuu

Chora barabara kuu zenye upana wa mita 30, zikiachana kwa kilomita moja hivi, zikienda pande zote mbili, hadi mwisho wa zile hekta 1,700. Hii ndiyo njia iliyofuatwa Ethiopia kuanzia 2013 katika miji ya Adama, Bahir Dar, Hawassa na Mekelle, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha New York. Wazo lenyewe ni la zamani: ramani ya New York ya mwaka 1811 ilichora mitaa hadi Mtaa wa 155 wakati mji ulikuwa bado umebanana kusini mwa kisiwa cha Manhattan.

Kwa nini kilomita moja? Kwa sababu hakuna nyumba itakayokuwa zaidi ya mita 500 kutoka kwenye barabara kuu, na huo ni umbali ambao mtu hutembea kufuata basi. Bomba kuu la maji na mtaro mkubwa pia hupita humohumo. Kila kilomita ya mraba inahitaji wastani wa kilomita mbili za barabara kuu, kwa hiyo kilomita za mraba 17 zinahitaji kilomita 34. Kwa upana wa mita 30 hizo ni hekta 102, yaani asilimia 6 ya ardhi mpya. Ndiyo bei yote ya ardhi ya mkakati huu.

Mita 30 zigawanywe hivi: kila upande mita 7 za pembeni (njia ya miguu 2.5, miti 1, baiskeli 2, mtaro 1.5), halafu njia mbili za magari za mita 7 kila moja, na mita 2 katikati. Lakini usijenge zote. Anza na njia moja ya mita 7, ya changarawe ikibidi, na uijenge upande mmoja mahali pake pa kudumu, si katikati ya hifadhi. Miji mingi hujenga katikati kwa sababu panaonekana pazuri. Siku ya kupanua, lami yote inang'olewa na nguzo za umeme zinahamishwa.

Mstari uliochorwa ofisini haujui kilima wala makaburi. Utembee kwa miguu wote, ukiwa na kifaa cha kupimia majira ya nukta (GPS) na mzee anayejua maji hupita wapi mvua kubwa ikinyesha. Ruhusu barabara isogee hadi mita 100 au 200 ili ikwepe makaburi, mteremko mkali au nyumba zilizokwisha kujengwa, na inapowezekana ifuate mpaka wa mashamba mawili, ili kila mwenye shamba atoe mita 15 badala ya mmoja kutoa 30. Barabara kupinda si tatizo. Tatizo ni barabara kukatika. Ikikatika mahali pamoja tu, kilomita zote zilizo nyuma yake hupoteza kazi.

Katika matembezi hayohayo tenga na mikondo ya maji: mto, kijito, na hata bonde linalopitisha maji wiki mbili kwa mwaka. Mabonde ya namna hiyo ndiyo huuzwa kwanza kwa bei nafuu kwa watu wasio na uwezo, na ndiyo hutoa maafa. Yafanye njia ya wazi ya mji, yenye matumizi halali ya mchana kama bustani, vitalu vya miche au uwanja wa mpira. Ardhi ya wazi isiyo na mtumiaji hupata mwenyewe upesi.

Kuipata ardhi bila kufilisika

Kulipa fidia hekta zote 102 kwa fedha taslimu kunaweza kumeza bajeti ya maendeleo ya miaka kadhaa. Kuichukua bila kulipa chochote kunazaa kesi, na pia ni dhuluma, kwa sababu barabara haiwagusi watu kwa usawa. Shamba la mita 100 kwa 100 likikatwa katikati na hifadhi ya mita 30 linapoteza asilimia 30. Shamba jembamba la upana wa mita 30 lililolala sambamba na barabara linaisha lote. Jirani yake, ambaye hakuguswa, anaamka amepakana na barabara kuu na bei ya ardhi yake imepanda.

Dawa yake ni kupanga upya mipaka kwa pamoja. Japani ina sheria kamili ya jambo hili tangu 1954, na jimbo la Gujarat nchini India hulifanya chini ya sheria yake ya 1976. Wenye mashamba wa eneo moja huchangia sehemu sawa ya ardhi, ramani inachorwa upya, kila mmoja anarudishiwa viwanja vilivyopimwa karibu na alipokuwa. Chukua hekta moja, mita za mraba 10,000. Mchango ukiwa asilimia 30, asilimia 20 inaenda kwenye barabara na maeneo ya wazi, 5 kwenye shule na huduma, na 5 inauzwa ili kulipia upimaji na barabara za mitaa. Mwenye shamba anabaki na mita 7,000, yaani viwanja 35 vya mita 200. Bei ya mita moja ya mraba ikipanda kwa zaidi ya asilimia 43, amepata faida hata baada ya kutoa mchango. Mweleze kwa hesabu hiyohiyo, na shamba lake mwenyewe liwe mfano.

Chagua eneo la hekta 20 hadi 60 lenye mipaka inayoonekana. Kubwa zaidi ya hapo lina wenye ardhi wengi mno kukubaliana. Dogo zaidi halina pa kugawia hasara. Andikisha kila mtu aliyepo, pamoja na wapangaji na wanaolima bila hati, kwa sababu hao ndio husahaulika na ndio husimamisha greda. Bandika ramani ya zamani na mpya mahali watu wanapopita kila siku, si kwenye ubao wa ofisi pekee, kisha pokea pingamizi kwa muda uliowekwa na sheria.

Kinachokwamisha zaidi ni mirathi. Ndugu watano hawaelewani, na mmoja yuko ng'ambo. Usisimamishe eneo zima kwa ajili yao: panga kiwanja kipya cha shamba hilo, kiandike kuwa kina mgogoro, na halmashauri ikishikilie hati mpaka waelewane. Kinachofuata kwa ubaya ni ulanguzi. Habari za barabara zikivuja kabla ya ramani kupitishwa, watu wenye nafasi hununua mapema, mara nyingine wakiwa ndani ya baraza lenyewe. Tangaza ramani kwa wote siku moja, na kila diwani na mtumishi atoe orodha ya ardhi anayomiliki katika eneo hilo kabla ya kupiga kura.

Zikishapitishwa, hifadhi zionekane kwa macho. Simika bikoni za zege kwenye kingo zote mbili, kila mita 100 na kila kona: kwa kilomita 34 ni bikoni karibu 700. Usiweke alama katikati peke yake. Mtu hujenga mita kumi kutoka kwenye jiwe na kusema hakujua. Panda miti kwenye kingo hizohizo kwa nafasi ya mita 10, kama miti 6,800 kwa jumla, na mkataba wa kumwagilia upewe wakazi wa mtaa husika.

Ukubwa wa viwanja

Hapa miji midogo hujifilisi polepole. Ardhi inaonekana tele, hivyo baraza linapima viwanja vya mita za mraba 1,000. Kwa mji mzima, ukitoa barabara zote pamoja na zile kuu, mikondo ya maji na huduma, karibu asilimia 55 ya ardhi hubaki kuwa viwanja. Hekta moja inatoa viwanja vitano na nusu vya mita 1,000. Kwa watu watano kila nyumba hiyo ni watu 27 kwa hekta. Kwa viwanja vya mita 200 inatoa 27, sawa na watu 137, karibu na watu 150 kwa hekta ambao UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, inawapendekeza kama kiwango cha chini. Shirika hilo pia linapendekeza mitaa ichukue angalau asilimia 30 ya ardhi.

Gharama haifuati eneo la kiwanja bali upana wa mbele yake. Bomba, mtaro, nguzo na lami vyote hulipiwa kwa mita ya barabara. Kiwanja chenye mbele ya mita 25 kinakula bomba mara mbili na nusu ya kile cha mita 10. Kwa hiyo pima viwanja vyembamba na virefu, mita 10 kwa 20, vikiwa safu mbili zinazopeana migongo, katika vitalu vya mita 40 kwa 100, na mitaa ya mita 10 kati yake. Mtu anayetaka eneo kubwa anunue viwanja viwili au vitatu. Kuunganisha viwanja ni rahisi. Kukigawa kikubwa baadaye, nyumba ikiwa imesimama katikati, ni vita.

Maji na vyoo vifuate msongamano huu. Choo cha shimo kiwe angalau mita 30 kutoka kisima, na chini ya shimo pabaki walau mita moja na nusu juu ya usawa wa maji ya ardhini. Kwenye viwanja vya mita 200 umbali huo haupatikani, mtu hawezi kuchimba kisima chake nyumbani, kwa hiyo maji ya bomba lazima yatangulie. Msongamano ukizidi, mtandao wa mabomba membamba ya majitaka huweza kuwa nafuu kuliko mashimo: katika mji wa Natal, Brazil, mpaka huo ulikadiriwa kuwa watu 160 hivi kwa hekta. Tenga mapema eneo la kutibu majitaka yanayonyonywa na magari, upande wa chini wa upepo na mbali na mikondo. Likisubiri, hakuna mtaa utakaokubali kulipokea.

Mapato: zidisha mara tatu

Ruzuku ya serikali kuu huchelewa, na mara nyingi huja na masharti ya matumizi. Itumie kwa kujenga. Mishahara ya vibarua, mafuta ya greda na kuzibua mitaro vilipwe kwa mapato ya ndani, la sivyo mvua zitafika kabla ya fedha. Kila unapojenga kitu, weka kwenye bajeti ya kila mwaka walau asilimia 2 hadi 3 ya gharama yake kwa matengenezo. Kama huwezi kuiweka, jenga kidogo zaidi.

Chanzo kinachokua pamoja na mji ni kodi ya majengo. Makusanyo yake ni zao la vipimo vitatu: majengo yaliyoandikishwa, thamani iliyokadiriwa ikilinganishwa na thamani halisi, na ankara zilizolipwa. Mji ulioandikisha nusu ya majengo, ukakadiria asilimia 60 ya thamani, ukakusanya asilimia 40 ya ankara, unapata asilimia 12 tu ya unachostahili. Kishawishi ni kupandisha viwango, na matokeo yake ni kuwakamua wale wachache wanaolipa tayari. Uandikishaji ukifika asilimia 90 na ulipaji 70, bila kugusa ukadiriaji, unafika karibu asilimia 38, zaidi ya mara tatu.

Uandikishaji ufanywe kwa picha ya setilaiti na vijana wawili kila mtaa, wenye futikamba na simu. Ukadiriaji uwe rahisi kiasi kwamba mwenye nyumba anaweza kuukagua mwenyewe: ukubwa wa jengo mara kiwango cha eneo mara aina ya jengo. Maeneo matatu na aina tatu za majengo vinatoa viwango tisa, na vinatosha. Hargeisa, Somaliland, ilijenga daftari lake la majengo kwa picha za setilaiti, na Freetown, Sierra Leone, ilihamia mwaka 2020 mfumo wa pointi, ambao hulipa jengo alama kwa sifa zinazoonekana. Kote huko nia ilikuwa kukwepa uthamini wa jengo mojamoja, ambao mji mdogo hauna wathamini wa kuufanya. Fedha isipite mikononi mwa mpeleka ankara. Na kila robo mwaka tangaza mtaa kwa mtaa kilichokusanywa na kilichojengwa, hata kama ni kalavati moja.

Nje ya mpaka, na baada ya ramani

Sehemu kubwa ya hekta 1,700 huenda ikawa nje ya mpaka wa mji, katika eneo la halmashauri jirani. Kuomba mpaka usogezwe huchukua miaka na huamsha uhasama wa kodi. Anza na makubaliano ya maandishi kuhusu mambo mawili tu: hifadhi za barabara na mikondo ya maji. Jirani abaki na mapato yake. Bila hilo, nyumba zitarundikana hatua chache baada ya kibao cha mpaka, mahali ambapo kibali hakidaiwi.

Watumishi wa lazima ni watano: ofisa mipango, mpima, mhandisi, mhasibu wa mapato na mkaguzi wa ujenzi. Mpima na mhandisi wanaweza kuajiriwa kwa pamoja na miji miwili au mitatu. Mkaguzi hapana. Huyo apite kwenye hifadhi kila wiki, kwa sababu msingi ukiwa bado ni mtaro wa udongo unaondolewa kwa mazungumzo, lakini ukuta ukishafika mtambaa panya ni kesi, na paa likiezekwa ni siasa. Kibali cha ujenzi kwa nyumba ya kawaida kitoke ndani ya siku 14, kwa michoro ya mfano inayotolewa bure; kikichukua miezi sita, watu watajenga usiku na mkaguzi atakuwa anakimbizana na mji mzima.

Kila mwaka, mwezi uleule, nunua au pakua picha mpya ya setilaiti na uilaze juu ya ramani ya hifadhi. Hesabu mita zilizovamiwa kwa kila barabara, peleka orodha hiyo barazani kabla ya bajeti, na barabara inayovamiwa zaidi ndiyo ifunguliwe kwa greda kwanza, hata kama ni njia moja ya udongo ya mita 7.